Mji Unaolala Saa Saba

Nilikwenda Biyo Adde kumpa mama yangu habari ya msiba, ila aliyekufa hakuwa mtu. Kilikuwa kituo cha kupoza umeme, tena ambacho hakijajengwa bado. Leo nayasema haya huku nacheka. Siku ile, ndani ya gari la kutoka Dire Dawa, nilikuwa nimebana meno mpaka taya zinauma.

Miaka miwili ofisi yetu na wenzetu wa Djibouti tulikuwa tunapanga laini kubwa ya umeme ya kuunganisha nchi mbili. Mpango ni rahisi, hata mama aliuelewa kwa kikao kimoja. Sisi tuna mabwawa, wao wana upepo. Mchana Djibouti inaungua kwa jua, kila nyumba inawasha feni na viyoyozi, basi sisi tunawapelekea umeme wetu wa maji. Jioni wao wanapumua, upepo wao unavuma kwa nguvu, basi umeme unageuka na kurudi kwetu kwa waya uleule. Nipe nikupe. Na katikati ya safari, kwenye ramani ya kwanza kabisa, palikuwa na duara dogo jekundu: kituo cha Biyo Adde, mji wangu, mji wa reli ya zamani uliosahaulika tangu reli ile ife.

Duara lile ndilo lililokuwa linampa mama usingizi. Mama na wanawake wenzake kumi na wanane wanaoka injera, ile mikate mipana laini ya unga wa teff, wanazifunga, zinapanda lori la alfajiri kwenda Djibouti. Wanaoka wote kwa wakati mmoja ili mzigo ufike ungali laini. Sasa washa mitad kumi na tisa kwa pamoja, yale masahani mapana ya umeme ya kuokea, kwenye waya mmoja mwembamba unaotoka mbali! Umeme unaishiwa nguvu. Mitad haipati moto, injera inatoka imepauka haina macho, vile vitundu vyake vya juu, na injera isiyo na macho Djibouti hawaipokei. Ndipo wanarudi kwenye kuni. Na kuni zenyewe ziko wapi katika nchi ile ya mawe? Wanachoma vichaka na mavi ya ngamia, na moshi wake umemharibu mama macho. Daktari alishamwambia wazi: mwaka mwingine mmoja wa moshi, asahau kutunga uzi kwenye sindano. Bila kituo, ni moshi au aache kazi. Na mama kuacha kazi, hilo halipo.

Jumatatu majibu ya hesabu yakatoka. Duara jekundu halipo. Bosi wetu, Ato Dagnachew, mtu mkavu anayezungumza kama anayelipia kila neno, alinisomea mbele ya wote: "Biyo Adde inatumia umeme mwingi kuliko wakati wote saa saba mchana. Saa hizohizo Djibouti nayo iko juu. Waya hauwezi kulisha wawili kwa wakati mmoja. Kituo kimefutwa. Jumatano kamati inatia saini."

Takwimu za Biyo Adde nilizikusanya mimi. Miji mikubwa ina mashine zinazojiandikia zenyewe, lakini kwetu ni Gashe Kassahun, yaani mzee Kassahun, na daftari lake, kila saa anachungulia mita na kuandika kwa kalamu. Nilipewa kazi ya kuyahamishia madaftari yake kwenye kompyuta kwa sababu ni mtoto wa pale. Mistari elfu nane mia saba na sitini, saa zote za mwaka mzima. Na bado nakumbuka Bwana Robleh, mhandisi wa upande wa Djibouti, mtu wa mzaha, alivyoliangalia jedwali langu akaguna: "Emebet, watu wenu wanaamka saa saba usiku kuchemsha kahawa?" Nami nikajibu kwa kiburi, punda mimi, "Mji wa reli huo, haulali."

Jumanne nikaomba ruhusa, nikasema mama anaumwa. Mungu anisamehe. Sikutaka azisikie habari zile sokoni.

Nilimkuta anakaanga kahawa. Hakuniuliza nimefuata nini katikati ya wiki. Alinitazama tu kwa yale macho yake mekundu, akavuta kigoda kwa mguu, akasema, "Kaa. Umekonda." Mama ana sheria yake, habari mbaya haisemwi kabla ya kikombe cha tatu. Kahawa ya kwetu ina vikombe vitatu na cha mwisho ndicho cha baraka, basi anasema msiba ukishatanguliwa na baraka unakuja umekata kucha. Kwa hiyo tukanywa cha kwanza tukizungumzia bei ya teff. Cha pili, ndoa ya jirani yetu Halimo, ya tatu hiyo, na bwana harusi mdogo kuliko mwanawe. Mpaka anamimina cha tatu jua limeshapanda na mimi nimelowa jasho.

"Haya, tema," akasema. "Tangu umeingia unameza mate kama mtoto aliyevunja chungu."

Nikatema. Nilimweleza kila kitu, waya, feni za Djibouti, duara lililofutwa. Alinisikiliza akizungusha kikombe mkononi.

"Kwa hiyo wamelifuta."

"Wamelifuta, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi? Umekaa nao meza moja, umevaa miwani, unakula mshahara. Ulikuwa wapi?"

Hapo nikakasirika, maana mtu mwenye hatia hakawii kukasirika. "Mnaniuliza mimi? Jiulizeni ninyi! Mngekubaliana kuoka saa nyingine, haya yasingetokea. Siku nzima iko wazi, ninyi lazima mitad zote ziwashwe saa saba mchana, Djibouti nzima inapowasha feni! Mngeoka jioni kama zamani, kituo mngekuwa nacho!"

Mama akaweka kikombe chini taratibu. Akanitazama. Kisha akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Saa saba mchana?"

"Ndiyo."

"Nani anaoka saa saba mchana, we mtoto? Na joto hili? Umelishwa nini huko Dire Dawa?"

"Mama, imeandikwa. Nina mwaka mzima umeandikwa."

"Sasa hivi saa ngapi?"

Nikatazama simu. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tatu.

"Toka nje," akasema. "Nenda ukaniletee injera moja ya moto. Moja tu. Ukiipata nitaila na karatasi zako."

Nikatoka. Jamani, ule mji! Barabara nyeupe kwa jua hadi machozi yanatoka. Duka la Halimo limefungwa, pazia limeshushwa. Wanaume wamelala barazani na majani ya mirungi shavuni, kofia usoni. Mbwa amejinyoosha kwenye kivuli cha behewa bovu, nikampita hata sikio hakuinua. Nikachungulia kwenye kibanda cha waokaji, nikagusa mitad ya kwanza, baridi. Ya pili, baridi. Nilizigusa zote kumi na tisa, baridi tupu. Na kichwani mwangu jedwali linaniambia kwamba wakati huu hasa, ndani ya mji huu hasa, umeme unatumika kuliko saa nyingine yoyote ya siku.

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, mhandisi, nakimbia na viatu vya ofisini mpaka kibanda cha transfoma mwisho wa mji. Gashe Kassahun alikuwa amelala juu ya kiti, redio tumboni. Mita nyuma yake ilikuwa imelala kuliko yeye.

"Gashe! Gashe, nipe daftari!"

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, nipe daftari la mwaka jana!"

Akalitoa kwenye boksi la tambi. Nikafungua ukurasa wowote tu. Mwandiko wake mzuri wa shule ya mapadri, mstari baada ya mstari. *Saa 1 jioni*, namba kubwa. *Saa 2 usiku*, kubwa. *Saa 7 mchana*, ndogo kuliko zote. Kila kitu sawasawa kama mji ulivyo. Nikatoa jedwali langu mkobani, nikaweka kidole kwenye tarehe ileile. Ile namba kubwa ya saa moja jioni nilikuwa nimeiweka kwenye mstari wa kumi na tatu.

Nikakaa sakafuni.

Ile kompyuta ya mpango wetu inahesabu saa kizungu, kuanzia usiku wa manane, moja mpaka ishirini na nne. Na jedwali lilikuja na karatasi ya maelekezo kutoka kwa washauri wa ng'ambo: *saa za mzunguko wa pili wa siku, ongeza kumi na mbili.* Maelekezo sahihi kabisa, kwa mtu ambaye saa moja yake ni baada ya adhuhuri. Lakini Gashe Kassahun anahesabu saa kama mama anavyohesabu, kama ninavyohesabu mimi nikiwa na akili zangu: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likizama ni saa kumi na mbili. Saa moja jioni yake ni ya kumi na tisa kwenye kompyuta. Mimi niliongeza kumi na mbili, nikapata kumi na tatu, nikaendelea. Moja jumlisha kumi na mbili, kumi na tatu. Kosa lilelile, mistari elfu nane na ushee. Mji mzima niliusogeza saa sita, jioni yao nikaifanya mchana, asubuhi yao nikaifanya usiku wa manane, na mtu aliponiuliza mbona wanakunywa kahawa saa saba usiku, nikamjibu mji wa reli haulali!

Sina cha kujitetea. Kila mtoto wa kwetu anajua kuvuka kutoka saa zetu kwenda saa za kizungu. Mimi nilisoma karatasi ya wageni nikaacha kichwa changu nyumbani.

Gashe Kassahun alivaa miwani, akalinganisha daftari na jedwali, akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Akafunga daftari.

"Huyo bosi wako, si ndiye aliyempeleka yule kijana Fikru kulinda stoo ya nguzo kule jangwani kwa kukosea desimali?"

"Ndiye."

"Basi sikiliza. Waambie nilikosea mimi. Waambie mzee haoni vizuri, mwandiko mbaya, saa zimemchanganya. Mimi nastaafu mwezi ujao, watanifanya nini? Watanikata ndevu?"

Nawaambia ukweli, kwa muda wa pumzi moja nililitamani jambo lile. Lilikuwa jepesi mno, limekuja limeshapikwa. Kisha nikaangalia mwandiko wake, ukurasa mzima hauna hata namba moja iliyofutwa. Miaka ishirini na sita, kila saa, Pasaka na Ramadhani, anaamka kuchungulia mita.

"Hapana, Gashe," nikasema. "Hili daftari ndilo kitu pekee kilichosema kweli katika mpango mzima. Nitakwenda nalo."

Nilipomsimulia mama alinifungia injera za njiani, hakusema pole. Alisema, "Mficha uchi hazai. Nenda kaseme." Na nikiwa mlangoni akaongeza, "Ila kwanza useme kuhusu kituo, ndipo ujiseme wewe. Wasije wakakufukuza kabla hujamaliza."

Nilimpigia Ato Dagnachew mara sita njiani. Hapokei simu yule, ni tabia yake. Jumatano asubuhi nikamvizia kwenye ngazi. "Bosi, nina jambo." "Baadaye." "Bosi, ni la leo." "Emebet, baadaye." Akaingia. Saa tatu kamili kikao kikaanza, watu kumi na wanne kuzunguka meza, chupa za maji, bendera mbili ndogo. Mpango umefungwa kwa utepe. Wakasoma, wakapongezana, kalamu ikaanza kuzunguka kutoka upande wa Djibouti. Bwana Robleh alikuwa wa tatu. Alipoinama kutia saini nikasimama, kiti changu kikaanguka nyuma kwa kishindo.

"Msisaini," nikasema. "Kituo cha Biyo Adde kimefutwa kwa makosa. Mji ule hautumii umeme saa saba mchana. Saa saba mchana mji ule umelala, nimeugusa kwa mkono wangu. Wanatumia saa moja jioni. Hesabu imekosewa." Nikavuta pumzi. "Na aliyekosea ni mimi."

Ato Dagnachew alinitazama kama anatafuta mlango wa kunitupia.

"Umekoseaje?" akauliza, polepole.

Nikaliweka daftari la Gashe Kassahun katikati ya meza, jedwali langu pembeni yake, nikaonyesha kwa kidole. Nilieleza ile kumi na mbili. Sikumtaja mtu mwingine yeyote, wala washauri wa ng'ambo. Nilipomaliza, upande wetu wa meza, watu wote waliokulia hapa, walikuwa wameinamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa analiona lile kosa na kila mmoja anajiuliza amelipitisha vipi, maana jedwali lile walilitia saini wote, kuanzia bosi kushuka chini.

Akabaki Bwana Robleh. Alianza kwa kukohoa, halafu akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani.

"Wallahi nilisema! Kahawa ya saa saba usiku! Jamani, mimi mwaka juzi alipoolewa binamu yangu hapahapa Dire Dawa, kadi imeandikwa saa nane, nimekuja saa nane zangu za kizungu, asubuhi, nimevaa suti, nimekaa peke yangu kwenye ukumbi na wafagiaji! Nimewasubiri ninyi saa sita nzima!" Akajipangusa macho. "Haya, tuacheni mchezo. Kompyuta iko hapa. Mpeni saa zake mtoto wa watu tuone."

Ilichukua muda wa kikombe kimoja cha chai. Nilisogeza safu yote saa sita mbele, kijana wa kompyuta akabonyeza. Mstari wa Djibouti ukapanda mchana, kilele, ukashuka. Na pale uliposhuka, ndipo mstari wa Biyo Adde ulipopanda, na chini yake kabisa mstari wa kijani wa upepo wa Djibouti ukapanda nao jioni ileile, bega kwa bega. Hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Waya uliokuwa unarudi jioni nusu mtupu sasa ulikuwa na mtu wa kumpa umeme njiani.

"Hebu ngoja," akasema Bwana Robleh. "Yaani injera ninayokula mimi nyumbani kwangu itaokwa na upepo wa kwetu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi rudisheni kituo, bwana! Mke wangu akisikia nimekataa sitalala ndani."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikalegeza chumba kizima. Ato Dagnachew peke yake hakucheka. Alichukua kalamu nyekundu, akavuta ramani, akachora duara. Alilichora vizuri, akalirudia mara mbili liive. Kisha akanigeukia, na mimi nikajiandaa kwa stoo ya nguzo na jangwa.

"Utarudia mistari yote kwa mkono. Wewe na huyo mwandishi wa daftari, mstari kwa mstari, mtie saini wawili." Akaifunika kalamu nyekundu. "Na mimi nitatia ya tatu. Jedwali lile nililipitisha mimi bila kulisoma." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa siku moja. Akaomba kalamu, akasaini mpango mpya.

Nilitoka ukumbini, nikashuka ngazi, nikaegemea ukuta wa nje kwenye kivuli. Nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mtungi wa maji baada ya mlima. Nilitaka kumwambia mtu mmoja tu. Nikampigia mama.

Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika. Nikawaza mabaya, macho yake, moshi, sijui nini. Mara ya tatu akapokea, sauti nzito, kavu, ya mtu aliyetolewa mbali.

"We Emebet, una wazimu? Hujui saa hizi watu wamelala?"

Nikatazama simu. Saa saba mchana na dakika kumi. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka palepale ukutani, mbele ya walinzi, wala sikujali.

"Najua, mama," nikasema. "Sasa hata kamati inajua."